Waya Uliovuka Shamba la Bibi

Mwaka 1984, ukitaka kujua nani kijijini kwetu ana redio, ulitazama mapaa. Betri zilizokwisha zilianikwa juu ya tembe pamoja na alizeti na maboga yaliyokatwa, zipigwe jua kutwa, ili jioni zitoe angalau dakika kumi za taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mpya hazikupatikana. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, lakini maduka yalikuwa bado hoi, na baada ya msako wa wahujumu uchumi wa 1983 hata mwenye kitu alikificha. Sabuni tulipanga foleni. Betri tulizisikia tu.

Kwa mjomba hakukuanikwa betri. Alikuwa na redio isiyokula kitu.

Nyumba yake ilikuwa kwenye kijiji kimoja cha njia ya kutoka Singida kwenda Manyoni, kule ambako majabali ya matale yamesimama katikati ya mashamba kama ng'ombe waliolala. Nilikuwa na miaka 15, naishi kwake. Jioni watu walikuja, wakakaa kibarazani bila kusema, naye akavaa visikilizio vya kichwani, akasikiliza, akawatamkia habari neno kwa neno. Hakuongeza chumvi. Mwaka 1973 aliwahi kuongoza kikundi cha kusikiliza vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya, ile iliyokusanya karibu watu milioni 2 nchi nzima kuzunguka redio, na nadhani tangu hapo alijiona ana deni: redio ya kikundi ikikosa betri, kikundi kisikose habari.

Kijiji kiliiita redio ya jiwe, na jina halikukosea. Mjomba alikuwa karani wa reli, na ujana wake aliumalizia Kaliua, pale tawi la Mpanda linapoungana na Reli ya Kati. Enzi hizo mabehewa yalipakia madini ya risasi kutoka mgodi wa Uruwira, Mpanda, uliofungwa mwaka 1960. Kutoka kwenye mabaki ya mzigo aliokota kipande cha galena, madini ya risasi na salfa, jiwe zito linalong'aa kama bati jipya na likivunjika hutoa vijipande vya pembe mraba. Fundi simu mmoja wa Kihindi akamfundisha kuligusa kwa ncha ya waya mwembamba kama unywele, akitafuta sehemu moja kwenye jiwe inayosikia. Mjerumani Ferdinand Braun aligundua mwaka 1874 kwamba mawe ya jinsi hii huruhusu umeme kupita kirahisi upande mmoja na kuukatalia upande wa pili. Mhindi Jagadish Chandra Bose akapata hataza ya Marekani mwaka 1904 kwa kuitumia galena kunasa mawimbi. Mjomba hakuwajua wote wawili. Alijua kwamba ukipapasa jiwe kwa subira, linasema.

Nilipofika mimi jiwe lilikuwa limestaafu. Lilikaa rafuni, na kazi yake ilifanywa na dayodi ndogo ya jemaniamu aliyoing'oa kwenye redio mbovu. Lakini ufundi wenyewe haukuwa kwenye jiwe wala dayodi. Ulikuwa kwenye waya wa nje.

“Redio hii haina nguvu yake, mjomba,” aliniambia. (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, wote wajomba.) “Inakula mezani kwa mtangazaji. Ukikaa vibaya, sahani inakupita.”

Antena yake ilikuwa waya wa mita 30, kutoka mlingoti wa nyumba hadi tawi la mbuyu. Mita 30 unaziona nyingi ukizifunga, lakini kwa wimbi la redio ni kamba fupi. Chukua stesheni ya kilohezi 600, kwenye masafa ya kati: wimbi lake lina urefu wa mita 500, na waya ungependa kuwa angalau robo yake, yaani mita 125, ili uitikie wenyewe. Ukiwa mfupi zaidi unakuwa kama kondensa ndogo, ya pikofaradi 200 hivi, na umeme mchache uliokusanywa hewani unafika mlangoni na kurudishwa. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea ya kamba fupi huku ukitaka aende taratibu kama aliye kwenye kamba ndefu? Utamsukuma hadi uchoke, kila msukumo unagongana na ule uliotangulia. Huwezi kuirefusha kamba, basi fanya kinachoweza kuchukua nafasi ya urefu. Kwa antena, kitu hicho ni koili.

Yake aliisokota kwenye kopo la plastiki la poda, kipenyo cha sentimita 6, mizunguko 100 iliyobanana ikajaza sentimita 7. Kila mizunguko 10 alikwangua waya na kutoa kisikio kidogo cha kushikia, ili achukue mizunguko mingi au michache kadiri ya stesheni. Koili yote ilikuwa na maikrohenri kama 360, na ukiijumlisha na ile kondensa ya waya wa mita 30 unapata mwitiko pale pale kwenye kilohezi 600 hivi. Kondensa ya kuzungusha, iliyotoka kwenye redio ile ile mbovu, ilimalizia kilichobaki. Usiku wa kwanza nilipoiona ikifanya kazi, sauti ya mtangazaji ilipanda kutoka mnong'ono hadi mazungumzo kwa kugeuza kidole tu. Hapakuwa na betri hata moja ndani ya nyumba.

Kulikuwa na koili ya pili, ya dayodi, yenye kondensa yake, nayo haikuungwa na ya kwanza kwa waya wowote. Zilikaa mezani zikitazamana. Ukizisogeza karibu, sauti inakuwa kubwa lakini stesheni mbili au tatu zinaingiliana, hasa usiku masafa ya kati yanapofika kutoka mbali. Ukiziachanisha viganja viwili, sauti inapungua na kila stesheni inakaa kwake. Hilo lilinichukiza. Nilikuwa katika umri wa kutaka kila kitu kwa wingi, na mzee huyu anachukua kisauti kidogo anakipunguza zaidi kwa makusudi, kisha anatabasamu!

Na chini kulikuwa na ethi, waya wa kuingia ardhini. Hapa Singida inasumbua, maana ukichimba kidogo unagota kwenye jabali, na udongo wa juu kiangazi ni vumbi tupu. Nondo yake aliizamisha nyuma ya bafu la nje, mahali maji ya kuoga yanapoishia, shimo likajazwa mkaa na chumvi. Kazi yangu ilikuwa kumwagia ndoo moja kila asubuhi. “Waya wa juu kila mpita njia anausifu,” alisema, “wa chini hana habari nao, na ndio mguu wa pili wa kutembelea.” Kweli, siku niliyosahau ndoo alijua kwa kusikiliza, bila kuniuliza.

Kitu kimoja tu kwenye mtambo huo hakikuongeza hata chembe ya sauti. Nje ya dirisha, juu ya kibao, alikuwa amefunga swichi kubwa ya shaba yenye mkono wa mbao. Mkono ukiwa chini, antena inaingia ndani. Ukiuinua, antena inakatwa na chumba na kuungwa moja kwa moja na waya mnene ulioshuka ukutani hadi kwenye nondo. Aliuinua kila alipoacha kusikiliza, iwe mvua au jua, kiangazi hata masika, kama mtu anavyofunga zizi hata siku isiyo na fisi. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Mimi niliiona kama takataka iliyowekwa njiani mwa sauti yangu.

Mwishoni mwa Machi mjomba alikwenda Singida mjini kufuatilia pensheni. Angelala siku mbili. Kabla vumbi la basi halijatua nilishaufungua msokoto wa waya wa zamani wa ua uliokuwa stoo.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mita 30 zinatoa hivi, mita 90 zitatoa mara tatu. Niliuunga waya kwenye mbuyu, nikauvusha juu ya shamba la uwele la bibi mmoja jirani, nikauishiliza kwenye mti wa nguzo niliousimika juu ya jabali, pale palipoinuka kuliko kote. Bibi alikuwa akifukuza ndege. Alinitazama muda mrefu akiwa ameshika kombeo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Huo uzi unakwenda wapi?”

“Unakwenda kuvuta redio, bibi.”

“Juu ya jabali wakati wa mvua? Mtaniletea balaa shambani kwangu. Sitaki.”

Nikamwambia nitautoa kesho. Sikuwa na nia hiyo.

Jioni nilivaa visikilizio. Redio Tanzania haikuwapo. Ilikuwa kama mtu aliyehama. Nilizungusha kondensa mwanzo hadi mwisho, nikapata mikwaruzo tu, pa, pa-pa, ile sauti ambayo sasa naijua: ni radi za mbali, pengine bonde la Wembere, zinazopiga chapa zao kwenye kila waya mrefu ulio wazi. Wakati ule niliona ni “nguvu” na nikafurahi kidogo.

Nilichofanya ni hiki. Waya uliporefuka mara tatu, kondensa yake nayo iliongezeka karibu mara tatu, ikafika kama pikofaradi 600. Na koili ilikuwa bado na mizunguko yake yote 100. Pamoja vikashusha mwitiko hadi kilohezi 340 hivi, chini kabisa ya masafa ya kati, mahali ambapo stesheni yetu haikuwapo wala haingekuwapo. Nilikuwa na kamba ndefu ya bembea na bado nimeifunga kitu kilichowekwa kufidia kamba fupi. Kuhamisha kishikio kutoka mzunguko wa 100 hadi wa 40 au 50 kungeirudisha sauti, tena ikiwa na nguvu kuliko ya mjomba. Dakika moja ya kazi. Lakini mtu aliyekwisha kuamini kwamba kitu kingi ni kizuri haendi kutafuta cha kupunguza. Anatafuta wa kumlaumu, nami nikamwona mkosaji amekaa dirishani: swichi yenye kutu.

Nikaikwepa. Nilichukua waya wa antena kabla haujafika kwenye kibao, nikauingiza moja kwa moja kwenye upenyo wa dirisha hadi kwenye koili. Kipande cha zamani nilikiacha kikining'inia kwenye swichi ili kwa macho mambo yaonekane kama kawaida. Sauti haikurudi. Nikalala nikiwa nimekasirika.

Mjomba alirudi siku ya pili saa kumi jioni na wingu likija nyuma yake. Umeme ulimulika upande wa magharibi, naye akasimama uani akihesabu kwa midomo, kama alivyonifundisha: kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni kilomita moja, na ikipungua thelathini acha kila kitu. Alifika ishirini. Akaenda dirishani, akainua mkono wa swichi hadi ukagota, akautikisa kuhakikisha umeshika. Nilimwona. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Ulimi wangu ulikuwa mzito kwa jambo dogo kabisa: sikutaka ajue kwamba nimeshindwa.

Akaingia ndani kuvitoa visikilizio mezani avitundike ukutani.

Mlio sikuusikia kama mlio. Nakumbuka mwanga mweupe ukitokea dirishani kwa ndani, harufu ya waya ulioungua, na ndoo ikiwa chini. Radi ilikuwa imepiga nguzo yangu juu ya jabali, na sehemu yake ikafuata njia niliyoitandaza: mita 90 za waya, juu ya uwele, kupita mbuyu, kupita swichi bila kuigusa, hadi kwenye kopo la poda. Visikilizio vilipasukia mkononi mwake, karibu na shavu. Dayodi ilikuwa imekuwa doa jeusi. Fremu ya dirisha ilichanika kama kuni. Mjomba alikaa chini taratibu, akashika sikio la kushoto, na damu ikapita kati ya vidole.

Aliishi. Sikio lile halikusikia tena.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Georg Wilhelm Richmann, mtaalamu wa umeme aliyefia St Petersburg mwaka 1753. Alikuwa ameshusha chuma kutoka paani hadi chumbani apime umeme wa mawingu, na ili aupime hakukiunga na ardhi. Dhoruba ikaja, akainama karibu kuangalia kipimo, radi ikamruka kichwani. Nilifunga kitabu. Miaka 231 kati yake na mimi, na kosa ni lile lile hata kwa namna ya kusimama.

Kijijini hawakuhitaji Richmann. Walikuwa na maelezo yao. Asubuhi iliyofuata watu waliojaa uani wakauliza swali linaloulizwa kwetu radi ikiangukia nyumba: nani kaituma? Na mmoja akakumbuka. Bibi alisema balaa. Alisema mbele ya watoto waliokuwa wakichunga, “mtaniletea balaa”, na hayakupita masaa mengi. Neno likaondoka uani likazunguka kijiji na kurudi likiwa limenenepa: amewahi kugombana na mjomba juu ya mpaka, macho yake mekundu, mbona shamba lake halikuungua?

Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kama ya mama yangu. Nilijua. Na nilijua kwa nini shamba lake halikuungua, maana waya ulipita juu yake ukiwa na haraka ya kufika kwetu. Nilinyamaza siku ya kwanza. Nilinyamaza ya pili, kijana mmoja alipopita na panga akisema wazee wa aina hii wanajulikana dawa yao. Katika mambo yote niliyoyafanya wiki ile, kunyamaza huku ndiko ninakokuona nikifumba macho, kuliko hata waya.

Siku ya tatu mjomba, kichwa kikiwa kimefungwa kitambaa cha zahanati, alikwenda peke yake hadi kwenye jabali. Nguzo ilikuwa imepasuka urefu wote. Akaushika waya mahali ulipoanzia na kuufuata kwa mkono, hatua kwa hatua, kama kipofu anayefuata kamba ya kisima: shamba, mbuyu, mlingoti, dirisha. Alipofika kwenye kibao aliinua kile kipande kilichokuwa kikining'inia, akakiangalia mwisho wake ambao haukushika kitu. Kisha akaniita.

“Mjomba. Huu uzi umepita wapi?”

Nikamwonyesha upenyo.

Hakunipiga. Alinishika mkono tukaenda kwa bibi, na njiani aliwaita wazee wawili na yule kijana wa panga. Mbele ya mlango wake akanisimamisha niseme yote, na nilipoishia njiani alinirudisha nyuma nianze tena, maana sikio moja halikuwa limenipata. Nilipomaliza akasema, “Hii radi haikutumwa. Tuliitandikia kitanda, ikaja kulala.”

Bibi alikuwa akipepeta. Hakuacha. “Niliwaambia,” alisema. “Sasa toeni uzi wenu shambani kwangu, na huyu mtoto anifukuzie ndege hadi mavuno.”

Nilifukuza ndege hadi mavuno.

Siku hizi vijana wa ufundi hunijia, wengine wametengeneza redio ya namna hii kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, wakiuliza waongeze nini isikike zaidi. Stesheni nyingi wanazozipenda ziko FM, ambako kifaa hiki hakikuumbiwa, kwa hiyo huwaambia kwanza watafute kama kuna mtambo wa masafa ya kati unaofika kwao. Kisha nauliza kuhusu waya wa nje: kama uko mbali na nyaya za umeme za TANESCO kiasi kwamba ukikatika hauwezi kuzigusa; kama kuna swichi, iko nje au ndani; waya wa kwenda ardhini ni mnene na umenyooka, au umezungushwa kona kwa kuona haya. Wanaudhika. Wamekuja kuuliza koili. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe, mkoani Geita, watoto ambao hawakuwa wamefunga antena yoyote, na nikiwatajia hilo hunyamaza kidogo. Koili tunaifikia baadaye, na hapo huwa nafurahi kuliko wao: nawaambia watoe mizunguko kumi wasikilize, watoe mingine kumi, wasikilize.

Tarehe 12 Aprili mwaka ule wa radi, 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro akitoka Dodoma, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa redioni. Nchi nzima ilisikia. Kijijini kwetu watu walikuja kibarazani kama kawaida yao, wiki mbili baada ya radi, kwa mazoea tu, wakakaa na mjomba gizani, wakazungumza juu ya mvua, wakaenda kulala. Rafuni jiwe la Mpanda lilikuwa zima, lingeweza kushika kazi ya dayodi usiku huo huo, lakini hapakuwa na kitu cha kuvaa masikioni.

Asubuhi bibi alikuwa wa kwanza kufika. Mjukuu wake alikuwa amelala Singida na kurudi na gari la alfajiri. Bibi aliketi upande wa kushoto wa mjomba, akasema, akangoja. Mjomba alikuwa akitazama uani. Bibi akanyanyuka, akahamisha kigoda chake upande wa kulia, akaanza upya.